Mshenga Wangu Alijiposea, Sasa Anataka Nimchagulie Bomba

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, nimemwomba mhariri afiche jina langu na abadilishe ya wengine, maana huku Minneapolis Waswahili tunajuana wote.

Mimi ni Mtanzania wa miaka ishirini na saba, nasomea ufundi wa magari, na jioni nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Naishi New Hope. Mwaka jana nilimpenda Mwanaidi, binti wa kwetu Tanga anayeishi kwa baba yake mdogo kule Apple Valley. Naye alinipenda. Nikataka kupeleka posa kwa heshima, lakini huku wazee wa kunisemea sina, nikamtuma rafiki yangu Sefu awe mshenga. Sefu ana suti nzuri na mdomo mtamu. Nikamwazima na koti langu jipya la baridi.

Alirudi na uso wa msiba, akasema wamekataa, nisimtafute tena yule binti nisije nikamtia aibu. Nililia jamani. Kumbe kule alisema mimi nimeghairi, kisha akajiposea mwenyewe! Nilipokutana na Mwanaidi dukani alikuwa keshaolewa.

"Kama hukunitaka ungekuja kuniambia mwenyewe," alisema.

Nilibaki nimekumbatia mfuko wa mchele. Tangu siku hiyo namchukia Sefu, na simung'unyi maneno.

Sasa sikieni. Sefu hajui kwamba najua. Wiki iliyopita alikuja kwangu, amevaa lile lile koti langu. Anataka kujitengenezea bomba la kuingiza hewa baridi kwenye injini, gari lipate nguvu na lingurume.

"Wewe ndio expert, bro. Niambie tu ni-buy material gani, ila ing'ae."

Nikamwambia aniachie mimi, nikazunguka madukani. La chuma ni zito, na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji italila. La plastiki nyeupe, lile la maji, hulegea kwa joto la injini. Linalofaa ni la alumini, gumu, na viungo vya mpira. Nikalinunua. Halafu nikanunua na jingine, la mashine ya kukaushia nguo, jepesi kama karatasi, linang'aa kuliko yote. Akikanyaga mafuta kwa nguvu, injini italifyonza mpaka libonyee, gari likose hewa na kuzimika katikati ya barabara kuu. Nataka nimwone amesimama kwenye theluji na suti yake, magari yanampigia honi. Nikiwaza hivyo nacheka peke yangu.

Tatizo ni kwamba kila asubuhi Sefu humpeleka Mwanaidi kazini Golden Valley kwa gari hilo hilo, naye hukaa mbele.

Mabomba yote mawili yako chini ya kitanda changu. Jumamosi Sefu anakuja kuchukua. Msiniambie nisamehe, hilo sikuuliza. Nishaurini tu, nimpe lipi?