Sakafu ya Sebuleni Uwanjani

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwanzo wa mvua, nimesimama pembeni ya uwanja mpya wa mpira wa kikapu, natamani ardhi inimeze. Mwanangu, nakusimulia hili kwa sababu juzi nyie wa kamati ya vijana mlinijia na picha kwenye simu, mkitaka mzee awachagulie sakafu: mbao, vigae au zege. Niliwaambia nitajibu nikishasali. Nimesali, na jibu langu linaanza na aibu.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, katekista mpya wa kigango chetu hapa Mpanda na mwenyekiti wa ujenzi wa uwanja. Niliyajua Maandiko kuliko nilivyojijua mwenyewe. Vijana walikuwa wakicheza juu ya udongo wa kichuguu walioushindilia wenyewe. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Waamini wakachanga kokoto, mchanga na saruji, Mungu awalipe. Fundi wetu alikuwa Mzee Gervas, Mkonongo mpole aliyekuwa amejenga karibu nusu ya nyumba za mtaa wetu.

Kwetu, nyumba ya mtu aliyefanikiwa ilijulikana kwa sakafu iliyopigwa niru, yaani ule uji wa saruji tupu unaosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka unateleza kama sahani. Mgeni akivua viatu mlangoni bila kuambiwa, mwenye nyumba roho yake inatulia. Basi nami nikataka uwanja ung'ae hivyo, maana paroko alikuwa anakuja kuubariki.

Mzee Gervas alikuwa tayari ameshika fagio la njiti, anataka kulipitisha juu ya zege bichi liache mikwaruzo.

"Katekista, uwanja unataka ukwaruze, mguu ushike," akasema. "Na tuuinamishe kidogo huku, maji yapate njia."

"Mzee, hatujengi zizi la ng'ombe hapa," nikamjibu, na vijana wakacheka.

"Ng'ombe mguu mmoja ukiteleza anabaki na mitatu. Hawa wana miwili tu."

"Wewe piga niru, Mzee wangu. Mwenyekiti ni mimi."

Akalaza fagio chini. "Haya. Hiyo ni sakafu ya sebuleni, lakini haya."

Siku ya baraka ilinyesha manyunyu asubuhi. Uwanja uling'aa kweli, mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mchezo ukaanza. Alikuwapo binti mmoja, Holo, Msukuma wa kidato cha tatu, ambaye baba yake alihamia Katavi na ng'ombe wake na hakutaka kabisa habari za mpira. Mama yake alikuwa amembembeleza mumewe mwezi mzima ndipo akamruhusu binti acheze. Holo akadaka, akageuka kwa kasi. Mguu ukaenda, goti likabaki. Kilio chake sitakiandika.

"Fundi gani kapiga sakafu hii?" akafoka mzee mmoja wa kanisa.

Macho yote yakamgeukia Mzee Gervas. Yeye akanitazama mimi. Mwanangu, nilidaiwa sentensi moja tu. Nikainama, nikajifanya namsaidia mama mmoja kulifunga goti la Holo kwa kitenge.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Kwa wiki tatu nilisimama mbele ya waamini kila Jumapili nikisoma Neno, na Mzee Gervas akikaa benchi la nyuma. Kazi ya kujenga madarasa ya kigango akapewa fundi mwingine. Hatimaye nikaenda kwake, nikamkuta anachekecha mchanga. Nikamwomba msamaha. Aliniacha nimalize.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini umekuja kwangu kwa sababu kwangu ni rahisi. Yule binti baba yake anamwambia kila siku ameanguka kwa kiherehere chake. Sasa na yeye ameanza kuamini. Hebu nenda kule."

Nikaenda. Baba Holo alinisikiliza ameegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea?"

"Hakukosea, Baba. Nilikosea mimi, na nilikuwa nimeonywa."

Holo alikuwa kwenye mkeka, mguu umefungwa plasta. Aligeukia ukutani akalia bila sauti. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Jumapili iliyofuata nikasema yote mbele ya kanisa. Kisha tukaichokora ile niru kwa tindo na nyundo, siku nyingi, viganja vikachubuka, na Mzee Gervas akapiga tabaka jipya kwa namna yake. Mimi nilibeba maji. Holo hakucheza tena, goti lilikataa. Leo ni mama wa watoto, na kila tukikutana ananipa shikamoo yake kwa heshima, nami kila mara naipokea kama mtu anayepokea kisichokuwa chake.

Basi, Mwanangu, nakujibu. Mbao ziachieni majumba yenye paa zuri. Kwetu mvua na mchwa watazila kabla hamjajifunza kufunga. Vigae vinavyong'aa msiviguse. Mwageni zege imara, lipitishwe fagio likiwa bichi, liinamishwe kidogo, na mkitaka rangi, ichanganywe na mchanga laini. Likishakauka limwagieni maji, na nyie wakubwa mkimbie juu yake kwanza kabla ya watoto. Sakafu ya uwanja huchaguliwa na mguu, jicho linafuata nyuma. Fundi akikuonya, nyamaza umsikilize, hata kama kandambili zake zimekatika. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kwa yule uliyemuumiza kwanza, kabla mtu mwingine hajaubeba uongo wako.

Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe. Akupe sikio jepesi na ulimi usioogopa kukiri, na wote watakaokimbia juu ya kazi ya mikono yenu warudi kwa mama zao wakiwa wazima. Amina.