Mama na Neno Gesti

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na malori ya kwenda Nzega yakaongezeka, baba alijenga vyumba vinne kando ya barabara pale Shelui. Alikuwa mkulima wa alizeti mwenye duka dogo, na aliamini vyumba vingemlipa kuliko duka. Akamleta fundi wa rangi kutoka Singida mjini aandike GUEST HOUSE ukutani. Fundi yule alianza na herufi kubwa mno, akafika dirishani kabla hajamaliza. Ukuta ukabaki na neno moja: GUEST.

Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo. Mama akaniita uani.

"Hilo neno maana yake nini?"

"Mgeni, mama."

"Mgeni tu?"

"Mgeni tu."

Akaendelea kuanika mashuka. "Mbona watu wakisema fulani ameonekana gesti, hawamaanishi kwamba alikwenda kusalimia wageni?"

Kwa Kiingereza neno lile ni la mtu. Sisi tulimwondoa mtu, tukaliacha kwa nyumba, tena nyumba ambayo jina lake halitajwi mbele ya wazazi. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Kanisani wanawake wenzake walimuuliza habari za "ile biashara yenu", wakaangalia pembeni. Tangu hapo kila aliyechukua ufunguo kwetu mama alimtazama kwanza viatu, kisha mikono, kisha uso.

Ndipo akaja yule mwanamke. Alishuka kwenye basi mchana, peke yake, na mfuko mdogo na mtandio uliofungwa vizuri. Alimpa baba shikamoo, akaomba chumba. Baba akamuuliza atakaa kwa muda gani.

"Nasubiri mtu," alisema. "Akija naondoka."

Baba akampa chumba cha mwisho. Mama akanivuta jikoni. "Mgeni wa kweli husema anakotoka. Huyu amesema?"

"Hajasema."

"Basi."

Kesho yake kutwa nzima yule mwanamke alikaa kwenye benchi lililoelekea barabarani. Lori likipunguza mwendo, anasimama, likipita, anakaa. Jirani yetu alisema ametumwa na watu wa kodi kuhesabu wateja wetu. Mwingine akasema anangoja mume wa mtu. Jioni baba akarudi kutoka Singida na bidhaa za duka. Alishuka kwenye lori, na yule mwanamke akasimama.

Mama akamfuata baba stoo, akamsemesha kwa Kinyiramba, lugha aliyoitumia pale asipotaka wapangaji waelewe.

"Unamjua?"

"Namjulia wapi?"

"Amesimama uliposhuka."

"Anasimama kwa kila lori."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Baba alicheka. Alipoona mama hacheki, akaacha. Tukila jioni hiyo, mimi nikaanza kumchunguza baba yangu kana kwamba na yeye amepanga chumba.

Siku ya tatu yule mwanamke aliingia jikoni mwenyewe. "Dada," akamwambia mama, "wahenga walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Nipe kazi."

Mama akampa ungo wa karanga amenye, kisha wakatoka, akakaa karibu yake kwenye benchi, si kwa mapenzi bali apate kumwona vizuri.

"Huyo unayemsubiri ni nani wako?"

"Akija utamwona."

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni nasomea ualimu, nilisoma asili ya neno lile. Watu wa kaskazini ya Ulaya waliochangia kulitia katika Kiingereza walilitamka karibu sawa na sisi, gest. Neno lililo ndugu yake katika Kilatini lilikuwa na maana ya mtu wa kuja, na polepole likageuka kuwa adui. Kwa hiyo mgeni na adui walitoka mlango mmoja. Na sisi Waswahili neno letu limebeba vyote kwa pamoja: mgeni ni wa kukaribishwa, na kitu kigeni ni cha kutiliwa shaka. Nilisoma ukurasa ule nikamwona mama, ameketi na ungo, anamkaribisha mtu na kumshuku kwa wakati mmoja.

Siku ile karanga hazijaisha, lori la mahindi likasimama. Dereva wake tulimfahamu. Alikuwa amelala kwetu mara kadhaa, kijana mpole, aliyemwambia baba kwamba hajaoa kwa sababu barabara haimpi nafasi. Aliteremka akinyoosha mgongo, akaona nani yuko kwenye benchi na mama, akageuka haraka kurudi garini.

Yule mwanamke aliweka ungo chini, akachukua mfuko wake, akasimama mbele ya mlango wa dereva.

"Dada, ndiye huyu," alimwambia mama. "Nina watoto wake Kilimatinde. Kwangu huja kama mgeni. Anakula, analala, anashukuru, anaondoka."

"Twende tukaongelee ndani ya gari," dereva alisema kwa sauti ya chini.

"Tutaongelea hapa. Hawa wamenilisha."

Mama akasogea. "Wewe si ulisema hujaoa?"

Dereva aliyatazama matairi. Wakaongea hapo hapo, baba akijifanya anapanga sabuni dukani. Mwishowe utingo akaambiwa akakae juu ya mahindi, mwanamke akapanda mbele. Kabla hawajaondoka mama alimfungia karanga zilizokwisha kumenywa kwenye kitambaa, akamwita "mdogo wangu".

Baada ya hapo yule mwanamke alikuwa akipita kwetu na lori lile lile, ameketi mbele, akiuza vitunguu njiani. Sikuwahi kujua kama walipatana au alikuwa anamlinda tu asimponyoke.

Mama naye hakuacha kushuku. Wanawake waliofika peke yao aliwapa maji ya kunywa na kiti. Wanaume aliwauliza, ufunguo ukiwa bado mkononi mwake, kama wameoa na wapi. Baba alilalamika kwamba atawakimbiza wateja.

"Wakimbie," mama alisema. "Asiye na cha kuficha atajibu."

Wengi walijibu. Sijui wangapi walisema kweli, na nadhani mama naye hakuwaamini.