Namba katika Chumba cha Kushonea

Verna Raisanen alianza kusahau majira yale theluji ilipoziba njia ya gari. Kwanza jina la jirani, kisha chumvi kwenye supu ya samaki, halafu siku moja akajikuta amesimama katika chumba chake cha kushonea, mkasi mkononi, hajui alitaka kukata nini. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Hakumwambia mtu. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, na mwishowe akawa anamwita Verna "dada" na kumwomba amrudishe kwao.

Basi akaanza kujipunguza kimyakimya. Aliacha kuendesha gari, akasingizia macho. Kwenye karata na wenzake wa kanisani hakwenda tena. Mumewe, Wes, dereva mstaafu wa gari la kuzoa theluji, alishinda ziwani akivua samaki kwenye tundu la barafu, na kila akirudi alimkuta mkewe kanuna.

"Siku hizi umekuwa mkali kama pilipili, mama."

"Kichwa kinaniuma."

"Kila siku? Hebu acha kujifungia na hiyo cherehani."

Aliyewasukuma kwenda dukani ni binti yao Kaisa, aliyeishi mji wa mbali. "Mama, ving'ora vyenu vya moshi vimezeeka mpaka vimegeuka njano," alisema kwenye simu. "Nunueni vipya, vya kuunganisha na simu. Na vipime ile gesi ya tanuri pia."

Tanuri lenyewe lilikuwa chini ya nyumba, likichoma gesi na kusukuma joto vyumbani kutwa kucha. Gesi ya sumu inayoweza kuvuja humo haina rangi wala harufu, ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani.

Dukani Wes alichukua vya bei rahisi. Verna akaligeuza boksi jingine, lenye ving'ora vitatu vinavyoonyesha namba ya gesi hata kabla haijafika kiwango cha kulia.

"Namba ya nini? Hatari ikija vitapiga kelele."

"Na kabla haijaja?"

"Kabla haijaja hakuna kitu, Verna. Ndiyo maana ya kabla."

Verna alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, lakini boksi hakulirudisha.

Wes alipanda ngazi, kimoja akakifunga kwenye korido mbali na jiko, maana nyama ikiungua kidogo tu kingewatoa nje bure. Kingine karibu na chumba cha kulala. Verna alisoma maelekezo, akarudia mstari ule ule mara ya pili na ya tatu, moyo ukimshuka. Simu ikadai nywila ya intaneti.

"Nywila?" Wes alikuna kichwa. "Hata siikumbuki!" Akaangua kicheko.

Verna alimtazama. Kumbe mtu mzima wa afya husahau na kucheka.

Cha tatu Verna alikifunga mwenyewe katika chumba cha kushonea, kwa sababu ya pasi. Wakabonyeza kitufe cha kujaribu, sauti ikasema kila kitu kiko sawa.

Kisha ikaja baridi kali, tanuri likawa halipumziki. Verna alikuwa anashona pindo, kichwa kikimpasuka, akafungua simu. Ving'ora vingine vilionyesha sifuri. Cha kwake kilionyesha arobaini na tatu.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba amekosea kukifunga. Akakipeleka jikoni, namba ikashuka polepole hadi sifuri. Akakirudisha. Ikapanda.

"Wes! Njoo!"

Wes alikodolea macho. "Mbona hakijalia? Kibovu hicho. Mimi sisikii harufu yoyote."

"Haina harufu, Wes! Na haijafika kiwango cha kulia. Zima tanuri."

Kitu katika sauti yake kilimfanya Wes ateremke bila kubisha. Wakafungua madirisha, wakatoka, wakapiga simu wakiwa nyumbani kwa jirani. Fundi wa kampuni ya gesi alipofungua ukuta wa chumba cha kushonea, alikuta bomba la kutolea moshi wa tanuri limeliwa na kutu, limeachana kwenye kiungo.

"Ulikuwa unakaa humu, mama?"

"Siku nzima."

Jikoni kwa jirani, Wes alizungusha kikombe chake bila kunywa. "Nilidhani una hasira na mimi," alisema.

"Nilidhani nakuwa kama mama."

Hilo Wes hakuwahi kulisikia. Alinyoosha mkono, akaufunika wa mkewe.

Bomba likabadilishwa, kichwa kikapona. Kumbukumbu nazo zilirudi, ila si zote. Daktari alipima damu, akasema gesi hiyo husahaulisha watu, lakini hawezi kuapa kipi kilikuwa cha gesi na kipi ni cha umri. Verna aliondoka na jibu hilo kama lilivyo. Majira yote ya baridi alikuwa akijiombolezea peke yake, na sasa hakujua machozi yale ayapeleke wapi.

"Kwa hiyo uko sawa, Mama?" Kaisa aliuliza kwenye simu.

"Sijui. Jana nimelisahau jina la daktari."

"Umelisahau kabisa?"

"Lakini nimekwambia," Verna alisema. "Nikisahau, nitakuwa nasema." Akamwomba asikate simu, akaenda kuutoa mkate wa iliki kwenye oveni.