Unyoya Mgongoni mwa Zedekiah

Nanjala wa Uthiru alijulikana kwa mandazi yake na kwa kicheko chake. Mandazi aliyauza asubuhi kando ya barabara kuu, kicheko alikitoa bure. Alikuwa mtu wa kanisa hasa, Jumapili hakosi, lakini mara mbili mchungaji alilazimika kukatiza mahubiri kwa sababu nzi alitua kwenye upara wa mzee wa kanisa, na Nanjala alikuwa amekwisha kumwona.

Mumewe, Zedekiah, alikuwa fundi wa mawe, na uso wake ulifanana na kazi yake. Watu walishangaa hao wawili wanaishije chumba kimoja. Hawakujua alilolijua Nanjala: chini ya bega la kushoto Zedekiah hagusiki. Mguse pale kwa ncha ya kidole tu, jabali zima linalia kama mwanambuzi. Hakumwambia mtu. Mume ni wa kusitiriwa.

Ijumaa moja mwaka wa hamsini na saba, Zedekiah alirudi kutoka Ngara, walikokuwa wakijenga nyumba za ghorofa. Akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa kwenye kigoda, hata maji hakuomba. Nanjala alipomkaribia na mtoto mgongoni, akasogeza kigoda nyuma.

"Usinikaribie, Mama Isaiah. Nina ukoma."

Nanjala akasimama palepale.

"Nani amesema?"

"Dresa wa afya, msaidizi wa daktari. Walikuja kazini, wakaanza kutuvua mashati mmoja mmoja. Akaona hili baka jeupe la mgongoni. Jumatatu niende na blanketi. Kuna lori la kutupeleka kambini, huko magharibi. Labda miaka miwili, labda mitatu."

Isaiah alikuwa na miezi minne. Nanjala akamtazama mumewe akimtazama mtoto kwa mbali, kama mtu anayetazama chakula cha jirani, akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe neno. Lililokuja ni swali.

"Alikupimaje?"

Hapo Zedekiah akanyoosha mgongo kidogo. "Alisema, funga macho, tulia. Akanipitishia unyoya wa kuku palepale pabaya. Mama Isaiah, sikutingishika! Akaleta na sindano, akanichoma mpaka damu. Wenzangu wote wananitazama. Hata kope sikupepesa! Nilisimama kama siku ile ya kutahiriwa, nimepakwa tope la mtoni, ukoo wote umenizunguka na kisu kinakuja."

"Na unyoya uliusikia?"

"Niliusikia? Ulikuwa karibu kuniua!"

Nanjala akaketi chini, kwenye udongo. Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, mtoto akirukaruka mgongoni mwake kama gunia juu ya punda.

"Unacheka ugonjwa wangu?" Zedekiah alifoka.

"Baba Isaiah, wewe! Yule hakuwa anakupima uanaume. Ukoma unatia ganzi mahali pale. Anayesikia hana. Asiyesikia ndiye anao. Umejipa ugonjwa kwa ushujaa!"

Akamnyatia kuku wa jirani, akamnyofoa unyoya mmoja, akaupitisha chini ya lile bega. Mlio aliotoa Zedekiah uliwafanya mbwa wa Uthiru wabweke hadi upande wa pili wa bonde.

Jumatatu wakaenda Ngara, Nanjala na mtoto wamepakiwa nyuma ya baiskeli. Blanketi Nanjala alikuwa amelificha chini ya kitanda, na akakataa kusema liko wapi.

Dresa aliitwa Kisilu, kijana safi, kaptula imepigwa pasi, mbele yake daftari kubwa kama Biblia ya mimbarini. Foleni ilikuwa ya mafundi wenzake Zedekiah, wale ambao Ijumaa zamu yao ya kupimwa haikufika. Nanjala akamweleza habari yote bila kupumua.

"Mama, mke hawezi kuwa shahidi wa ngozi," Kisilu alisema kwa upole. "Lazima nione mwenyewe. Na ujue, hesabu hii si ya Nairobi tu. Bara Hindi wanahesabu, Brazili wanahesabu, dunia nzima inawatafuta wagonjwa hawa wapate dawa. Nakala ya daftari hili inavuka bahari."

"Basi mfute mume wangu kabla meli haijaondoka!"

Foleni ikacheka. Zedekiah hakucheka. Akavua shati, akafunga macho. Unyoya ukapita. Nanjala aliona misuli ya shingo ikikaza kama kamba ya ndoo, jasho likimtiririka kwenye paji, na uso, uso wenyewe, jiwe tupu. Ule mwili ulikuwa umefundishwa mara moja, na ulikuwa haujasahau.

"Unaona?" Kisilu akashika kalamu.

"Mwanaume huyo!" fundi mmoja akasifu. "Hata nyuki akimuuma, nyuki ndiye anayelia!"

Nje ya ua, injini ya lori ikawashwa.

Nanjala akamfungua Isaiah mgongoni. Akamsogelea mumewe, akamwekea mtoto mikononi, naye kwa kushtuka akampokea, macho wazi.

"Zedekiah," alimwita kwa jina, jambo asilolifanya mbele ya watu. "Kisu kilikwisha kukata siku nyingi. Uliwashinda. Hapa hakuna mjomba anayekutazama. Yuko huyu tu, na yeye hajui aibu. Tazama, hana hata suruali."

Isaiah, kana kwamba ameitwa kutoa ushahidi, akamkojolea babake.

Mdomo wa Zedekiah ukatetemeka upande mmoja. Nanjala akampokonya Kisilu unyoya, akauweka chini ya bega la kushoto, taratibu. Kwanza mabega. Halafu tumbo. Halafu ukatoka ule mlio, "Mhehehehe!" wa mwanambuzi mwenyewe, na fundi mkubwa wa mawe akazunguka ua mzima amemkumbatia mwanawe, mkewe nyuma yake na unyoya, foleni imejishika mbavu, na Kisilu anafuta machozi kwa mkono wa koti.

"Simama! Simama nikupime vizuri!" Akampima mara nne, macho yamefungwa, pembeni na katikati ya baka. Mara nne akalia kama mbuzi.

"Hii ni mba," Kisilu alisema, akipiga mstari juu ya jina lake. "Nitakupa dawa ya kupaka. Nenda na mtoto wako."

Lakini kabla hawajatoka, seremala mmoja aliyeitwa Muthama akajitokeza mwisho wa foleni. Alikuwa amevaa mikono mirefu miezi yote ya jua. Akakunja mkono mmoja wa shati mpaka kwenye kiwiko, baka jeupe likaonekana. "Nitekenye na mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Unyoya ukapita. Muthama hakucheka. Nanjala akainamisha kichwa akaomba.

"Tujaribu sindano," Kisilu alisema. "Ukiisikia, ugonjwa ni mchanga. Utakunywa vidonge ukiwa nyumbani, na lori hupandi."

Zedekiah akaenda akasimama karibu naye, bega kwa bega. "Ndugu yangu," alimnong'oneza, "usijikaze. Tafadhali usijikaze."

Sindano ikagusa.

"Uuuwi!" Muthama akapiga yowe, na mafundi wote wa Ngara wakampigia makofi.