Umeingia Sekondari?

Chekeni tu, nimezoea. Baada ya vibarua vya Kondoa na Chemba, juzi nilifika Ihumwa kuomba kazi kwa Mama Neema, fundi redio. Nilimwonyesha pawasaplai niliyojiundia, kiboksi cha kupunguza umeme wa ukutani uifae redio. Kabla hajaichomeka ukutani akauliza, "Umeingia praimari au sekondari?"

Shule niliikimbia darasa la sita. Nikaona kazi inaponyoka.

"Sekondari, mama!"

Akaitupa plagi kama nyoka. "Unataka kutuua? Umeme wa ukutani unaingia upande wa praimari wa transfoma!"

Kumbe aliuliza umeme umeingia wapi, si mimi.

"Samahani, mama. Nilidhani unauliza shule, na hata huko niliishia darasa la sita."

Akafungua boksi. Fyuzi ipo, waya wa ethi umebanwa kwenye bati la boksi. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Umeme wako umeingia praimari, sawasawa kabisa. Wewe mwongo, sekondari utaingia hapa hapa kazini kesho."