Bunduki Iliyonukia Togwa

Wajukuu zangu hupenda kuwaambia wageni kwamba babu yao alichagua bunduki kule bomani, enzi za Mdachi. Uongo. Babu yao hakuchagua hata mke; mimi ndiye niliyemchagua yeye, na bunduki pia niliichagua mimi. Yeye aliibeba tu.

Ilikuwa baada ya vita ile ya kupigana na Mdachi, na baada ya njaa iliyokuja nyuma ya vita. Njaa siisimulii. Niseme tu kwamba nilikula ming'oko, mizizi ya porini, mpaka leo nikiiona sokoni naigeuzia mgongo. Tulipopata tena mbegu ya ulezi tukalima bondeni Ruhuwiko, watu watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe. Ulezi ukatoa masuke. Na nguruwe pori nao wakatokeza. Watu walikuwa wamepungua, wanyama wameongezeka, na magobori yetu yote Mdachi alikuwa ameyazoa. Asubuhi moja tukakuta upande mzima wa shamba umelala chini kama mkeka.

Mama mkwe akasimama katikati ya mabua, mikono kiunoni.

"Wakimaliza na huu uliobaki, tunarudi kwenye ming'oko," alisema. "Mimi sirudi. Nitaanza kuwala nyinyi wawili."

Ndipo tukasikia kuwa boma linaazima bunduki kwa mwindaji anayejulikana, aue nguruwe, apeleke mikia, na baada ya mavuno arudishe bunduki ikiwa nzima. Ikiharibika ni kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano matakoni mbele za watu. Mume wangu alikuwa mwindaji kweli, wa gobori. Lakini bomani aliogopa kwenda peke yake, nikamsindikiza. Hilo nalo wajukuu hawalisemi.

Askari aliyetupokea alikuwa Mhehe, mtani wetu, tena alikwisha kusilimu.

"Shikamoo, bwana askari," mume wangu alisema.

"Marahaba. Mngoni mzima umeshindwa na nguruwe? Si ungechukua mkuki ukampigie kelele, kama mlivyozoea?"

"Mikuki mlituchukulia nyinyi."

"Basi, chagua."

Akaweka bunduki mbili juu ya jamvi. Zote mbili zilikuwa za komeo, si kama gobori lile la kushindilia baruti mdomoni. Kuna kipini cha chuma ubavuni: unakiinua, unakivuta, unaweka risasi, unakisukuma, unakilaza. Sawa kabisa na komeo la mlango wa misheni. Mimi nilielewa mara moja. Mume wangu alielekezwa mara tatu.

Moja ilikuwa mpya, nyepesi, inang'aa, inameza risasi tano kwa pamoja na haitoi moshi. Nyingine ilikuwa kuukuu, ndefu, nzito kama mchi. Ilikula risasi moja tu, nene kama kidole gumba, na ukiipiga, alisema askari, moshi wake utadhani umechoma pori. Mume wangu akaikumbatia ile mpya kama mtoto wa ndugu aliyepotea.

"Hii mpya inataka mafuta yake," askari akasema. "Unakuja kuyachukua hapa bomani kila wiki. Hii ya zamani haina shida. Ukishapiga, unaimiminia ndani maji ya moto, basi."

Mume wangu akakauka. Ninyi watoto wa siku hizi mnalitamka neno hilo ovyo. Sisi tuliambiwa dawa ya maji itageuza risasi kuwa maji; wanaume wakajipaka, wakaenda, na kaka yake hakurudi. Baada ya hapo mume wangu hakulitamka tena neno maji. Kiu ikimshika alisema, "Nipe kile cha mtungini." Na sasa askari wa Mdachi anamwambia maji na bunduki, katika sentensi moja, ndani ya boma!

"Sikusikia," alisema.

"Maji! Maji ya moto!"

"Umesema wewe, bwana. Mke wangu shahidi. Mimi mdomo wangu umefungwa."

Akaninong'oneza, "Mtego huo. Wanatupima. Twende na mpya."

Nikamtazama. Mwanamume huyu hakuwahi kungoja uji upoe. Kila siku aliunguza ulimi, na kila siku alishangaa. Ukimpa risasi tano atakosa mara tano kabla nguruwe hajainua kichwa. Ukimpa moja, itabidi afikiri. Tena wa kwenda bomani kila wiki kuomba mafuta ni nani, na ulezi unalindwa na nani?

"Bwana askari," nikasema, "tupe ya moshi."

"Nani mwindaji hapa?"

"Mwindaji ni yeye. Anayekula ming'oko akikosa ni mimi."

Mtani alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mume wangu akaibeba, akatembea mbele yangu njia nzima.

Siku ya kwanza alipiga jioni, jua halijazama. Bonde lote likajaa moshi. Tukamsikia ndani yake anakohoa na kuita, "Nimekosa! Nimekosa!" Moshi ulipoondoka, alikuwa amesimama mguu mmoja juu ya nguruwe. Mama mkwe akapiga vigelegele. Tukala nyama.

Sasa bunduki ioshwe. Nikaweka chungu motoni.

"Thubutu!" mume wangu akasema. "Jirani akiona tunaimwagia bunduki kile kitu, kesho boma zima litasema tumeanza vita tena. Nitanyongwa kwa ajili ya nguruwe?"

Nilipokwenda kuchanja kuni yeye akapata akili yake. Akachukua togwa yangu ya ulezi, iliyokuwa ikipoa tayari kwa kunywa, akaimimina yote kwenye mtutu. Si maji, unaona? Ni togwa.

Kesho yake nguruwe walipokuja alilala kifudifudi kando ya shamba, akaikaza bunduki shavuni. Sisimizi wekundu walikuwa wamehamia humo na familia zao. Wakamwingia sikioni. Akavuta komeo, komeo limeganda. Akapiga yowe, akajipiga makofi, akazunguka kama mcheza ngoma, na wale nguruwe wakaacha kula wakamtazama. Kisha wakaendelea kula.

Mama mkwe akaniambia taratibu, "Binti, ulezi unaisha. Na mwanangu hana matako ya akiba kwa kiboko."

Nikachukua bunduki. Nikatoa chungu nje, mchana kweupe, nikachemsha maji, nikaanza kumimina juu ya komeo mpaka likalegea kama limekunywa pombe, halafu ndani ya mtutu. Yakatoka masizi, togwa na maiti za sisimizi. Mume wangu alijifungia ndani, ili akiulizwa aseme hakuona. Jirani akapita.

"Mnapika nini, mama?"

"Bunduki."

"Ikiiva mtuite."

Hakuna aliyekwenda bomani kutushitaki. Walikuja kuomba nyama tu. Maana tangu siku ile mume wangu alipiga na mimi niliosha, alipiga na mimi niliosha, na ulezi uliobaki tuliuvuna sisi, si nguruwe.

Tukarudisha bunduki na mikia. Askari aliigeuza mikia kwa ncha ya kiboko, uso kando, maana nguruwe kwake ni haramu. Kisha akafungua komeo, akachungulia, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona inanukia togwa?"

Mume wangu akasogea nyuma yangu.

"Mtani," nikasema, "risasi zilipita kwenye matumbo yaliyoshiba ulezi wetu. Ulitaka inukie nini?"

Askari alibana kicheko. Akamgeukia mume wangu na kuinua kiboko kidogo. "Uliiosha kwa kitu gani? Sema mwenyewe."

Akanitazama mimi, kisha akamtazama askari.

"Kwa maji," mume wangu alisema.

"Haya. Nendeni."

Tulipofika nyumbani aliketi kizingitini, akapaza sauti hadi ng'ambo ya bonde wasikie:

"We mwanamke! Niletee maji!"

Nikamletea kata. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinywa polepole.