Vibao vya Mninga

Kila msimu wa maonyesho unapokaribia, hapakosi mtu wa kuniuliza kama kuna ubaya kumpa mtoto usukani wa gari mbele ya umati, watu wafurahi na mtoto apate sifa. Wanaoniuliza hutabasamu kidogo kwanza. Wamesikia kwamba utotoni mwangu niliiba gari katika uwanja wa maonyesho pale Tabora nikawavunja watu miguu. Wapo waliosikia kwamba gari lile liliruka juu ya vibanda, na wapo waliosikia kwamba lilikuwa na jini. Yote hayo ni mambo ya kusikia, na mimi sijapata kuyaheshimu mambo ya kusikia. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu. Na pale nilipoambiwa tu, nitasema kwamba niliambiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, na bendera ya Mwingereza ilikuwa bado ikipepea bomani. Baba yangu alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa ukumbi wa mbele wa nyumba yetu, Mtendeni. Alikuwa mtu wa maneno machache na vipimo vingi. Watu walisema kwamba mlango uliotengenezwa na baba haukwaruzi sakafu hata masika, na hili nalithibitisha, maana milango ile niliifungua mwenyewe.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa dereva. Aliendesha lori la tajiri mmoja wa mjini, akipeleka bidhaa Igunga na kurudi na pamba na mpunga. Vijana wa leo hawawezi kufahamu dereva alikuwa nani siku zile. Mwalimu alipopita mtaani watoto walisimama. Dereva alipopita walikimbia nyuma yake. Mbali na lori, mjomba alikabidhiwa pia gari dogo la yule tajiri, alioshe na kulitunza, na ni katika gari hilo alimonifundisha kuendesha.

Alinifundishia kwenye njia ya zamani ya misafara, upande wa magharibi wa mji. Reli ilikuwa imekwisha kuipokonya njia ile kazi yake. Mahali walipopita wapagazi kwa mamia, sasa walipita wachunga mbuzi na wanawake wa kuni. Pale, pasipo mtu wa kugongwa, nilijifunza kushika usukani nikiwa nimekaa mapajani mwa mjomba, naye akikanyaga breki na klachi. Nilijifunza upesi. Siku moja aliniambia, "Mpwa wangu, wewe hukuzaliwa kushika randa." Nilifurahi mno, wala sikufikiri kwamba maneno yale yalimtukana baba yangu.

Maonyesho yalipokaribia, mjomba alikuja nyumbani na habari. Mzungu aliyesimamia maonyesho alikuwa anatafuta jambo jipya la kufungia siku, naye mjomba alikuwa amemwahidi kumletea mtoto wa Kinyamwezi atakayeliendesha gari kuzunguka uwanja. Shida ilikuwa moja tu: miguu yangu haikufika chini.

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alitoa futi yake ya kukunja, ile ya mbao yenye bawaba za shaba, akaniambia, "Kaa juu ya meza. Nyoosha mguu."

Akanipima kutoka gotini mpaka kisiginoni, mguu wa kulia kisha wa kushoto.

"Shemeji, usimpunje," mjomba alisema. "Mguu ukikosa breki tumekwisha sote."

"Sijampunja mtu ubao tangu nianze kazi hii. Nitampunja mwanangu?"

Alichonga vibao kwa mti wa mninga, kila kimoja kwa kikanyagio chake, akatoboa matundu ya kupitishia mikanda ya mpira wa ndani wa gurudumu. Nilimuuliza, "Baba, na nikigonga?"

"Utagongaje, na mjomba wako amekaa kando yako, mkono juu ya breki?"

Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Ilitolewa mbele ya watu watatu, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Siku yenyewe tulikaa na gari nyuma ya banda la ng'ombe, ili umati ushtuke tutakapotokeza. Pale nyuma palikuwa na watu wachache: mjomba, mimi, yule Mzungu aliyekuja na kuondoka, na mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akiuza kahawa.

Huyu mzee sharti nimweleze. Alikuja bara na reli zamani, akaoa, akahamia Isevya, hakurudi tena pwani. Kwa kuwa sisi ni Wanyamwezi na yeye Mzaramo, alikuwa mtani wetu. Utani huo ulizaliwa katika njia ileile ya misafara, babu zetu walipofika pwani na mizigo wakapokewa na babu zao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana wewe na ukoo wako, kukunyang'anya kofia, hata kuuzuia msiba wako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina gharama yake: asemalo mtani halihesabiwi.

Alipita na dele lake la kahawa akiligonganisha na vikombe. Aliponiona nyuma ya usukani alisimama.

"Ama nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe mpaka shingo zikaingia kifuani. Leo mmechoka, mnambebesha mtoto gari?"

"Pita na maji yako machafu unayoyaita kahawa," mjomba alimjibu. "Rudi kwenu ukakwee minazi."

"Nikikwea mnazi, nakwea mwenyewe. Simtumi mjukuu halafu nikasimama chini kupokea madafu."

Wote wawili walicheka. Ndipo Mzungu aliporudi, akatazama ndani ya gari, akasema, "Mtoto peke yake. Watu hawakuja kumtazama dereva."

Mjomba alifungua mlango akashuka. Sikumwona akisita. Aliinama dirishani akaniambia, "Duru moja tu. Nitatembea kando ya mlango wako."

Nilitoka nyuma ya banda. Umati ukapiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani, na kwa muda mfupi, nakiri, nilijiona mkubwa kuliko baba. Nilipofika kwenye kona ya kwanza niligeuka kumtazama mjomba. Hakuwapo. Nilikanyaga breki, na mkanda wa mpira ukateleza. Kibao kikageuka upande, mguu ukadondoka na kuangukia kibao cha kikanyagio cha mafuta. Gari likaiacha njia, likaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha wauza asali.

Hakufa mtu. Nalisema waziwazi kwa sababu nimesikia hesabu za maiti kutoka kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Mama mmoja mzee alivunjika kifundo cha mguu. Mitungi ilipasuka, asali ikatapakaa mpaka chini ya gari, na mama yule aliketi katikati yake akinitazama bila kulia. Nami nilishindwa kuuondoa mkono wangu kwenye usukani.

Mjomba alifika kabla ya wengine wote. Alifungua mlango akapiga magoti. Nilidhani ananitazama kama nimeumia. Alikuwa akivifungua vile vibao. Alivitia ndani ya koti lake, akafunga vifungo, ndipo akanishika sikio akapaza sauti: "Nani kakuruhusu? Nani kakuruhusu kugusa gari la watu?"

Baada ya siku chache tuliitwa barazani kwa jumbe wa mtaa. Jambo lililonihusu hasa halikuwa fimbo. Fimbo nilikwisha kuzizoea. Nilikuwa nimechaguliwa kuingia shule ya bweni, na jumbe ndiye aliyetakiwa kuishuhudia tabia yangu. Nikitoka pale mwizi, shule imekwenda. Sote tulilijua hilo, na baba alilijua kuliko wote, kwani sanduku langu la safari lilikuwa limekwisha kutengenezwa, limesimama kwenye kona ya karakana likisubiri kufuli.

Mjomba alisema kwamba alikwenda kunywa maji, na aliporudi gari halikuwapo. "Nasema kwa uchungu," aliongeza, "kwa kuwa ni damu yangu."

Mzungu hakuwapo barazani, na hakuna aliyethubutu kumwita. Nilipopewa nafasi nilisimulia yote kama nilivyosimulia hapa, nikamalizia kwa vibao: kwamba haiwezekani mtoto aibe gari kwa ghafla hali ana vibao vilivyopimwa kwa mguu wake, na kwamba baba ndiye aliyevichonga.

Jumbe alimgeukia baba. "Fundi, ulichonga vibao?"

Baba alikuwa akiitazama mikono yake. "Mimi huchonga vitu vingi, jumbe. Sikumbuki kila kipande cha mti."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwa yule muuza kahawa. "Mwongo wewe, mtani! Mtoto kapandishwa na huyu mjomba wake, mimi nimesimama hapo na dele langu. Akashuka, akamwacha na gari kama mtu anayeacha mzigo wa chumvi njiani. Na kule kibandani nimemwona akivitia vibao kotini. Mpapaseni!"

Baraza zima liliangua kicheko. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mzaramo kashiba leo!" Mwingine akamwambia aende akaliuzie kahawa lile gari. Jumbe alijifuta machozi ya kucheka kwa kanzu. Mzee alirudia maneno yake, safari hii bila mzaha, na kadiri alivyokaza uso ndivyo walivyozidi kucheka, maana hakuna kinachochekesha kama mtani anayejitia ukweli.

Mjomba alicheka. Nilimtazama baba. Baba naye alikuwa akicheka.

Nafasi ya shule akapewa mtoto mwingine. Nilisoma baadaye, mbali na Tabora, kwa msaada wa mwalimu wangu wa darasa la awali, ambaye hakuamini wala hakukanusha. Alisema tu kwamba hakuwapo. Namheshimu kwa jibu hilo mpaka leo.

Nimeambiwa kwamba usiku wa kuamkia baraza mama alimpigia baba magoti, akamsihi asimtie kaka yake mikononi mwa serikali, kwa kuwa mjomba angepoteza leseni na pengine kufungwa. Nimeambiwa pia kwamba baba alilia. Yawezekana. Sikuwapo chumbani, na aliyeniambia hakuwapo pia. Nilichokiona ni kicheko.

Kwa hiyo wanaponiuliza kuhusu watoto na magari ya maonyesho, nawajibu kwamba hapana, wasiruhusiwe. Wao huanza kunieleza habari za mafunzo na viwanja vilivyozungushiwa kamba. Mimi huwauliza jambo moja: gari likiacha njia, nani atasimama mbele ya watu aseme, "Nilimruhusu mimi"? Kisha hutazama kama watanitazama.

Baba alifariki kabla ya uhuru. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, nikarudi Mtendeni kuzika nikiwa mtoto wa kwanza wa kiume. Siku ya kuondoa matanga watani walikuja kama ilivyo desturi, na yule mzee wa Isevya aliongozwa kwa mkono na mjukuu wake, macho yakiwa yamekwisha kufifia. Aliingia karakana bila kumwomba mtu, akatoka na futi ya baba.

Desturi inamruhusu mtani kumwigiza marehemu, nasi tukamcheka, uchungu upungue. Aliuinamisha mgongo kama baba, akakunja midomo kama baba. Akamkalisha mjukuu wake juu ya meza ya useremala, akaikunjua ile futi, akampima kutoka gotini mpaka kisiginoni, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Watu wakacheka sana. Walidhani anamwigiza fundi akipima mguu wa kiti.

Mjomba, aliyekuwa ameketi mkekani karibu yangu, hakucheka.

Mzee alipomaliza alinijia na kuninyooshea futi. Nayo hiyo ni desturi: mtani huchukua kitu cha marehemu, na mtoto mkubwa hukikomboa kwa chochote, ili urithi usitoke nyumbani. Watu wote walikuwa wakinitazama. Mjomba aliniegemea akaninong'oneza, "Ikomboe. Huo ndio mkono wa baba yako."

"Chukua, babu mtani," nilimwambia mzee. "Ni yako."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliikunja ile futi polepole, bawaba moja baada ya nyingine, akaitia kifuani mwa kanzu yake, na mjukuu akamshika mkono wakatoka.